Tusi Ndilo Jiwe la Kwanza

Pengine unasoma ukurasa huu hapa Didia ukiwa umetoka majarubani, au uko Tinde, Kahama, Mwadui, au huko kwenye machimbo ya Geita. Popote ulipo, kuna jambo moja nina hakika nalo: Jumapili jua likianza kupoa, watu wanaelekea uwanjani. Mpira unatukutanisha wote, mwanafunzi, mchimbaji, dereva wa bodaboda, mama muuza karanga na mzee wa sungusungu. Ndiyo maana safari hii tunazungumzia mpira. Tena tunauzungumzia upande wake ule ambao tukirudi nyumbani hatupendi kuusimulia.

Hebu tuchukue mfano wa mechi moja. Haijatokea, nimeitunga tu, lakini ukiisoma utaona kuna vipande unavifahamu. Timu mbili za mchangani zinagombea mbuzi. Winga wa timu ya wageni ni kijana mwenye ualbino, na siku hiyo kaamka vizuri, mabeki wanamtafuta. Kundi la vijana nyuma ya goli linaanza: "Dili! Dili hilo!" Watu wanacheka. Refa anasikia, ananyamaza. Kipindi cha pili wenyeji wanakosa penalti. Mtu anasema kipa wa wageni ana hirizi kwenye soksi. Mwingine anasema yule winga ndiye ndumba yenyewe. Wageni wanafunga goli. Jiwe linarushwa, linampata mtoto aliyekuja kutazama mpira na kaka yake.

Sasa swali: nani alianzisha vurugu?

Wengi mtasema ni yule aliyerusha jiwe. Mimi nasema jiwe la kwanza lilirusha kitambo, kipindi cha kwanza, nalo lilikuwa neno. Kila aliyecheka alisaidia kulisukuma. Hilo ndilo jambo ninalotaka tuelewane leo: vurugu za uwanjani huanzia mdomoni kabla ya kufika mkononi. Na kwa kuwa maneno tunafundishana, tunaweza pia kufundishana kuyaacha.

UBAGUZI NI NINI HASA?

Ukitaja ubaguzi wa rangi katika soka, wengi tunafikiria Ulaya. Ni kweli, huko upo. Tarehe 21 Mei 2023, Vinícius Júnior wa Real Madrid aliitwa nyani na baadhi ya mashabiki katika uwanja wa Valencia, Hispania. Julai 2021, vijana watatu weusi wa timu ya taifa ya Uingereza, Rashford, Sancho na Saka, walikosa penalti katika fainali ya Ulaya, na usiku huohuo wakamwagiwa matusi ya rangi kwenye simu zao. Tulipoyasikia hayo tulikasirika, si ndiyo? Tulisema Wazungu wale hawana utu.

Lakini hebu tujitazame. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13, inaeleza kwamba kubagua ni kumfanya mtu aonekane duni kwa sababu ya mambo kama kabila lake, mahali alipotoka, rangi yake, dini yake au jinsia yake. Soma tena orodha hiyo polepole. Je, uwanjani kwetu hatusikii mchezaji akidhihakiwa kwa kabila lake? Hatusikii mtu aliyehamia machimboni akiambiwa "rudi kwenu, wa kuja wewe"? Hatusikii timu ya wasichana ikizomewa kwamba mpira si wa wanawake? Na rangi ya ngozi je? Yule winga wa kwenye mfano wetu ni Mwafrika mwenzetu, pengine Msukuma mwenzetu, ila ngozi yake imekosa rangi. Anatukanwa na watu wa ukoo wake mwenyewe.

Mwenye kuitwa nyani Valencia na mwenye kuitwa "dili" Shinyanga wanapata kidonda kilekile.

LAKINI SI UTANI TU?

Hili ndilo jibu ninalolisikia mara nyingi. "Ah, tunataniana tu!" Haya, tuzungumze kuhusu utani, maana ni mila yetu na ni nzuri. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, na ni kweli ni ndugu: Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka 1936 baadhi ya watu wakajitenga nayo wakaunda timu ambayo leo inaitwa Simba. Mpira bila utani haunogi.

Ila utani una sheria zake, na wazee wanazijua. Ukitaka kujua kama neno lako ni utani au tusi, jiulize maswali matatu:

1. Je, anaweza kukurudishia? Utani ni wa pande mbili. Shabiki wa Yanga akifungwa leo anachekwa, kesho naye anacheka. Kijana mmoja mwenye ualbino mbele ya watu hamsini hana namna ya kurudisha.

2. Je, unacheka mchezo wake au mwili wake? "Leo umevaa viatu vya kupalilia!" ni utani, maana kesho anaweza kufunga goli ukanyamaza. Ngozi yake hawezi kuibadilisha hata afunge magoli kumi.

3. Je, ungelisema mbele ya mama yake mzazi? Kama jibu ni hapana, basi hata nyuma ya goli usiliseme.

Neno likishindwa swali hata moja, hilo siyo utani.

"DILI" MAANA YAKE NINI?

Hapa naomba usiruke hata mstari, maana ni suala la uhai.

Neno "dili" uwanjani halimaanishi kwamba mchezaji ni hodari. Maana yake ni kwamba mwili wake una bei. Kuanzia miaka ya 2000, watu wenye ualbino nchini Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa na mkoa wetu wa Shinyanga, waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa. Walioagiza waliamini uongo wa waganga matapeli kwamba viungo hivyo vikiwekwa kwenye dawa vinaleta bahati ya dhahabu, ya samaki au ya madaraka. Zaidi ya watu 70 waliuawa, na wengine wengi wakabaki na vilema vya maisha. Kaburi la mtu mwenye ualbino nalo halikuwa salama.

Sheria haikulala. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo, watoto wengi walilazimika kuacha nyumba zao na kwenda kuishi vituoni, kama Buhangija, Shinyanga mjini, mbali na wazazi wao. Na usidhani ni hadithi ya zamani. Mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi kadhaa aliporwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana mwezi uliofuata ukiwa umekatwa viungo.

Sasa rudi uwanjani. Kijana anayepiga kelele "dili" huenda hana nia ya kumdhuru mtu hata kidogo. Lakini anawakumbusha watu mia mbili kwamba pale katikati kuna mtu mwenye bei. Kati ya hao mia mbili humjui kila mmoja. Na kijana mwenyewe, akisikia neno hilo, hasikii mzaha. Anafikiria njia ya kurudi nyumbani, na giza linaingia. Unadhani Jumapili nyingine atakuja?

TUSI LINAGEUKAJE KUWA JIWE?

Vurugu hazianguki tu kutoka mbinguni. Zina hatua zake, na ukizijua unaweza kuzikata mapema.

Hatua ya kwanza, mtu anavuliwa utu. Akishaitwa nyani, dili au mchawi, kumpiga hakuonekani tena kuwa dhambi kubwa.

Hatua ya pili, kundi linatuficha. Ukiwa peke yako una jina, una baba na mama. Ukiwa katikati ya watu mia unajiona huna jina. Mambo ambayo usingethubutu kuyafanya sokoni mchana kweupe, unayafanya nyuma ya goli.

Hatua ya tatu, anatafutwa mwenye kosa. Timu ikifungwa, ni vigumu kukubali kwamba hatukufanya mazoezi au beki wetu kachoka. Ni rahisi kusema refa kahongwa, au wapinzani wana "kamati ya ufundi", yaani ndumba.

Hatua ya nne ni petroli. Pombe ya tangu asubuhi na pesa ya mkeka. Mtu aliyeweka hela ya mbolea kwenye mechi hatazami mpira tena, anatazama hela yake ikipotea.

Ikifika hapo, kinachobaki ni cheche tu. Inaweza kuwa penalti, rafu, au mtu kuvuka mstari.

Unataka ushahidi? Butembo, mashariki mwa Kongo, Septemba 2008. Zilikuwa zinacheza Nyuki na Socozaki. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, kipa wa timu iliyokuwa inafungwa alipanda mbele, wapinzani wakasema anafanya uchawi, wachezaji wakaanza kupigana. Polisi walipoingilia, mashabiki wakarusha mawe. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milangoni kwa pamoja. Watu 13 walikufa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Fikiria mwenyewe: watu 13 hawakurudi nyumbani, na chanzo chake ni tuhuma ya ndumba ambayo hakuna mtu angeweza kuithibitisha.

Nyumbani nako tumeonja. Tarehe 1 Oktoba 2016, Dar es Salaam, Simba na Yanga walitoka sare ya 1-1. Mashabiki waliokasirishwa na goli waliloona limefungwa baada ya mpira kushikwa kwa mkono waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Tunashukuru hakuna aliyekufa, lakini viti vile vilikuwa mali yetu sote.

Kuhusu ndumba niseme jambo moja. Mwaka 2022 Morocco ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ilifika kwa ulinzi mzuri, pumzi na nidhamu. Hapa karibu yetu, Geita Gold ilimtoa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22, George Mpole, kwa magoli 17. Ukiona hirizi inapita golini, ujue kuna mtu amekula hela za timu, tena zile zilizotakiwa kununua mipira.

ELIMU INAWEZA KUSAIDIA KWELI?

Kuna wanaosema dawa ya ubaguzi ni rungu tu. Adhabu ni lazima, sibishi. Wale wa Valencia, Juni 2024 mashabiki watatu walihukumiwa kifungo cha miezi 8 na kuzuiwa kuingia viwanjani kwa miaka 2. Lakini rungu linafika baada ya tusi. Elimu inafika kabla.

Sikiliza kisa hiki. Katika miaka ya 1990, golikipa mweusi Shaka Hislop alikuwa akichezea Newcastle United ya Uingereza. Siku moja alikuwa kituo cha mafuta, vijana wakaanza kumtukana kwa sababu ya rangi yake. Ghafla mmoja wao akamtambua. Kilichofuata? Walimwendea kumwomba awasainie! Hislop aliona kwamba vijana wale walikuwa hawamchukii Shaka. Hawakumjua hata kidogo. Walikuwa wanachukia picha waliyochorewa kichwani. Yeye na wenzake wakaamua kuwatumia wachezaji kwenda mashuleni kuzungumza na watoto, na mwaka 1996 ukaanzishwa mpango ambao jina lake maana yake ni kuuonyesha ubaguzi kadi nyekundu. Hadi leo unaendelea.

Kwetu pia wapo waliofanya hivyo. Wakati mauaji yale yakitikisa nchi, Dar es Salaam iliundwa timu ya wachezaji wenye ualbino iliyoitwa Albino United. Walicheza ili wananchi waone kwa macho yao kwamba hawa si mizimu wala dawa, ni watu wanaokimbia, wanaotoka jasho, wanaofunga na kufungwa. Mtu akishakupiga chenga, huwezi tena kusema yeye ni mzimu!

Hakuna mtoto aliyezaliwa akilijua neno "dili". Alifundishwa na sisi. Basi sisi ndio tutakaomfundisha neno jingine.

TUFANYE NINI UWANJANI KWETU?

Kabla ya mechi

- Manahodha na viongozi wakutane na kukubaliana sheria za matusi, siyo za kuotea tu. Tangazeni kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma: matusi ya rangi, kabila au ulemavu yakisikika, mechi inasimama.
- Changanyeni timu kwenye bonanza. Badala ya mtaa kwa mtaa, pigeni kura ili watu wa mitaa tofauti wavae jezi moja. Ni vigumu kumrushia jiwe mtu uliyempa pasi wiki iliyopita.
- Ondoeni mawe na chupa pembeni ya uwanja. Wauza pombe wakae mbali na mstari.
- Wazee wa sungusungu, walimu na viongozi wa dini wapewe nafasi, hasa nyuma ya magoli.

Wakati wa mechi

- Refa anao utaratibu wa FIFA wa hatua tatu. Kwanza anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa. Matusi yakiendelea, anawatoa wachezaji uwanjani kwa muda. Yakiendelea tena, anavunja mechi. Huhitaji uwanja wa nyasi kufanya hivi, hata mchangani inawezekana.
- Mchezaji akitukanwa anaweza kumwashiria refa kwa kupishanisha mikono yake kwenye vifundo vya viganja, kama alama ya kuzidisha. FIFA ilipitisha ishara hii mwaka 2024. Wafundisheni hata watoto wa chandimu.
- Wewe shabiki, usicheke. Kicheko chako ndicho chakula cha mtukanaji. Anzisha wimbo mwingine wa timu yenu, kelele yake imezwe.

Mchezaji mwenye ualbino akiwepo

Ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kuikinga na jua, ndiyo maana saratani ya ngozi inawaua wengi wangali vijana. Macho yake pia huwa hayaoni mbali vizuri na husumbuliwa na mwanga mkali. Kwa hiyo:

- Pangeni mechi na mazoezi saa kumi na moja jioni, siyo saa nane mchana.
- Avae jezi ya mikono mirefu na kofia, na apakae mafuta ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili. Kilisun ni mojawapo, yalianza kutengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kaulize hospitali ya wilaya au Chama cha Watu wenye Ualbino.
- Tumieni mpira wenye rangi inayoonekana, na mwiteni kwa jina kabla ya kumpa pasi.
- Baada ya mechi asirudi peke yake. Timu nzima imsindikize.

Mtu akiumizwa

- Kidonda kinachotoka damu, kibane kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka damu ikatike.
- Aliyepigwa kichwani, mwangalie kwa makini. Akizimia hata kwa muda mfupi tu, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, au akitokwa damu au maji puani na masikioni, mkimbizeni hospitali. Usiseme "atalala atapona". Na asipewe pombe.
- Toeni taarifa polisi. Namba ya dharura ni 112. Kama ni mtoto anayetishiwa au kunyanyaswa, piga 116, ni bure.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Rafiki yangu mwenye ualbino mwenyewe hucheka akiitwa hivyo. Kuna ubaya gani?

Kucheka wakati mwingine ni ngao. Mtu anacheka ili yaishe upesi. Mwulize mkiwa wawili tu, siyo mbele za watu: "Hivi lile neno unalipenda?" Kisha umsikilize.

Nikivaa jezi aliyovaa mtu mwenye ualbino, nitaambukizwa?

Hapana. Ualbino hauambukizi kwa jasho, kwa damu wala kwa kitanda. Mtu huzaliwa nao, akiwa amerithi vinasaba vyake kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wanaweza kuwa weusi kabisa na kubeba vinasaba hivyo bila kujua. Wakiwa hivyo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo hakuna laana, na mama asisingiziwe.

Nikimkemea mshikaji wangu, si ataniona msaliti?

Ukimkemea mbele ya watu atabisha ili asiaibike. Mvute pembeni, mshike bega, mwambie: "Oya, mimi lile neno halinipendezi. Tushangilie tu." Sema "mimi", usiseme "wewe ni mbaguzi". Mara nyingi atanyamaza. Na wewe ukiwa wa kwanza, utashangaa wangapi walikuwa wanasubiri mtu aanze.

Refa akituonea kweli je?

Marefa wanakosea, tena sana. Nahodha azungumze naye kwa heshima, na baada ya mechi viongozi waandike rufaa kwa chama cha mpira. Jiwe halijawahi kubadilisha matokeo ya mechi. Limebadilisha maisha ya watu tu.

Mimi ni mmoja tu. Nitabadilisha nini?

Kundi lote linatengenezwa na "mimi ni mmoja tu". Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Wako uko kinywani mwako, na mwenye kuuongoza ni wewe.

Basi kijana mwenzangu, ongea na timu yako wiki hii kabla ya mazoezi. Someni ukurasa huu pamoja, kisha kila mmoja ataje neno moja ambalo kuanzia leo halitasikika kwenye uwanja wenu. Yaandikeni kwenye karatasi, myachane mbele ya wote, halafu mpira uanze. Tuonane uwanjani!